Imani ya mgonjwa kuhusu presha na jinsi anavyomeza dawa

Dawa za presha tunazoandika katika kliniki za hapa Kisumu ni zilezile zinazotumika kwingi duniani: amlodipini, losatani, enalaprili na dawa za kuongeza mkojo. Kinachotofautiana ni namna mgonjwa anavyouelewa ugonjwa wenyewe, na kwa maoni yangu mafanikio ya matibabu hutegemea jambo hilo kuliko dawa nitakayoichagua.

Wengi huniambia kwamba presha huletwa na mawazo. Mtu amefiwa, ana deni la karo, au mtoto amemaliza chuo na hana kazi, basi presha inapanda. Hapo pana ukweli, kwa kuwa hofu na hasira huongeza shinikizo la damu kwa muda. Lakini presha tunayoitibu ni ile inayobaki juu, 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hata mtu akiwa ametulia, na mara nyingi hutokana na mchanganyiko wa urithi, umri, uzito, chumvi na jinsi figo zinavyoishughulikia chumvi hiyo. Anayeamini kwamba ugonjwa ni mawazo hatumii dawa ovyo. Anaitumia kulingana na anachokijua, akiimeza mawazo yanapomzidi na kuiweka yanapopungua.

Imani hiyo huandamana na nyingine, kwamba presha ikipanda lazima mtu aisikie: kichwa kinauma, kisogo kinakaza, moyo unakwenda mbio. Ukweli ni kwamba watu wengi huishi nayo miaka mingi bila dalili yoyote, huku ikiumiza moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Mfikirie mama anayeuza samaki katika soko la Kibuye. Saa saba mchana, jua likiwa kali, kichwa kinaanza kumgonga. Anatoa kidonge cha amlodipini kwenye kitambaa alichofungia pesa, anakimeza kwa maji mengi, kisha anaketi kivulini. Jioni kichwa kimepoa, na sifa zote zinakiendea kidonge. Lakini amlodipini hufanya kazi polepole: hufikia kilele chake katika damu baada ya saa sita hadi kumi na mbili, na huhitaji kumezwa kila siku kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kiwango chake mwilini kutulia. Yamkini kilichompoza ni maji na kivuli. Hata hivyo, ameshajionea mwenyewe kwamba dawa ni ya siku ya maumivu, na daktari anayemkaripia kwa kuruka siku hawezi kuushinda ushahidi huo.

Miguu ni habari nyingine. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na watu wetu wanajua kwamba miguu kuvimba ni dalili ya figo kuharibika. Kwa hiyo mgonjwa huiacha dawa ili aziokoe figo, kumbe presha isiyotibiwa ndiyo mojawapo ya sababu kubwa za figo kuharibika. Neno moja la tahadhari siku ya kwanza, pamoja na ahadi kwamba dawa inaweza kubadilishwa, lingemzuia asiiache kimyakimya. Vivyo hivyo kwa dawa ya kuongeza mkojo, ambayo msafiri wa matatu ya kwenda Nakuru huiruka ili asisumbuke njiani. Tukizungumza mapema, tunaweza kupanga saa inayomfaa.

Kisha kuna siku mashine inaposoma 124 kwa 78. "Daktari, si nimepona sasa?" Mara nyingi sisi wenyewe tumemwambia, "Mama, presha yako iko sawa," tukaishia hapo, bila kuongeza kwamba iko sawa kwa sababu anameza dawa. Akiiacha, kwa kawaida hupanda tena baada ya siku au wiki kadhaa.

Si kila dozi iliyorukwa inatokana na uelewa, na ni dhuluma kumlaumu kwa imani zake mgonjwa aliyekosa nauli kutoka Muhoroni au aliyeambiwa dirishani kwamba dawa zimekwisha. Ndiyo maana kabla ya kuongeza dozi namuuliza: unadhani presha yako ilitokana na nini, unajuaje kwamba imepanda, na ni siku gani huwa humezi dawa?

Mgonjwa anayesema huisikia kichwani, simbishii. Namwomba apimwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, siku za maumivu na siku za raha pia, akiwa ameketi kwa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini na mkono uko usawa wa moyo, na aandike namba zote mbili kwenye daftari. Mara nyingi anaporudi, namba za siku za raha huwa ziko juu sawa na zile za siku za maumivu. Ameziandika mwenyewe, na kuanzia hapo tunaweza kuzungumza kuhusu kumeza dawa kila siku.