Kureseti si kuzima na kuwasha

Mjini Mombasa, kutoka Mwembe Tayari hadi Kongowea, simu ikiganda dawa inayotajwa ni ile ile: "Ireseti tu." Mtoa ushauri mara nyingi anakusudia uizime uiwashe. Msikilizaji huingia kwenye mipangilio, akalikuta neno lenyewe, akabonyeza, akathibitisha, na namba ya siri akaingiza alipoombwa. Picha za harusi ya bintiye zishakwenda.

Maana ni fupi. Kuwasha upya ni kuukata mfumo wa simu na kuuanzisha tena, ulichohifadhi hakiguswi. Kureseti, ambako wengine hukuita kufomati, ni kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani: picha, video, namba zilizowekwa kwenye simu badala ya laini au akaunti, mazungumzo ya WhatsApp yasiyo na nakala, vyote hufutwa. Pesa za M-Pesa, ambazo ndizo watu huzihofia kwanza, wala hazimo ndani ya simu.

Mkanganyiko wenyewe una asili, na si ujinga wa mtu. Kompyuta za mezani za saiba zilikuwa na kitufe kidogo mbele ya kasha, kimeandikwa reset. Mashine ikikwama unakibonyeza, inaanza upya, na barua uliyokwisha kuihifadhi unaikuta pale pale. Waliojifunzia kompyuta huko walitoka wakijua kwamba kureseti ni kuamsha. Kisha zikaja ruta za intaneti na kile kitundu cha kuchokoa kwa pini. Jina ni lile lile, lakini hicho ukikishikilia hufuta mipangilio yote pamoja na nywila uliyoweka. Simu zikafuata ya ruta. Tena ndani ya simu yenyewe mna reseti zaidi ya moja: ile ya mtandao husahau nywila za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth, picha haizigusi. Lawama anatupiwa mama wa watu aliyebonyeza.

Simu iliyoganda kwa kawaida haihitaji hata moja kati ya hizo. Programu inayotumika sasa hivi hukaa kwenye RAM, kumbukumbu inayobaki tupu umeme ukikatika. Ni jamvi la karamu: shughuli ikiisha lakung'utwa, vyombo vya ndani havijasogezwa. Programu moja ikikwama, Android husubiri kama sekunde 5 bila kujibu mguso wako, kisha hukuuliza uifunge au usubiri. Mfumo mzima ukikwama, hata swali hilo halitokezi, na hapo ndipo vitufe hufanya kazi. Kwenye Samsung nyingi shikilia cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, zaidi ya sekunde 7. Android nyingine nyingi hukubali kitufe cha kuwashia pekee, ila uvumilie hadi sekunde 30, na wengi huachia mapema. iPhone kuanzia ya 8: gusa cha kuongeza sauti uachie, gusa cha kupunguza uachie, kisha shikilia cha ubavuni hadi nembo ya tufaha itokeze. Ukijikuta kwenye skrini nyeusi yenye mistari ya maandishi madogo, chagua ule wa kuwasha mfumo upya na usiguse wowote unaotaja kufuta.

Kabla ya hayo yote, ipigie hiyo simu. Ikiita na kioo hakisikii kidole, simu haijaganda. Kioo ndicho kibovu, au maji yameingia, na kureseti hakutengenezi kioo. Na kama ilikuwa imebandikwa mbele ya tuktuk jua la Machi, inachaji na ramani iko wazi, iondoe juani, chomoa chaja, uiache ipoe. Apple yenyewe inataka iPhone itumiwe penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Kwenye friji usiitie, unyevu utaimaliza.

Yanayoniudhi hasa ni mazungumzo ya dirishani kwa fundi:

"Mwanangu, hii yaganda kila nikifungua WhatsApp."

"Tuireseti, mama?"

"Ireseti, bora itembee."

Hapo hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeelewana na mwenziwe. Simu yenyewe imejaa pomoni: kadi za Ijumaa Karim na video zilizosambazwa kwenye makundi, nyingine ni ile ile mara kadhaa. Zikifutwa hizo, ikazimwa ikawashwa, itatembea. Ikiresetiwa itatembea pia, lakini simu za sasa husimba data, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wake hupotea pamoja na reseti, kwa hivyo zile programu za kurudisha picha hazina cha kurudisha. Zaidi ya hayo, tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa njia ya vitufe inaweza kuitisha akaunti ya Google iliyokuwemo. Mama huyo Gmail alifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, na nywila haijui.

Kwa hivyo shangazi akikupigia kutoka Likoni kwa simu ya jirani, yake imemgandia, mwambie, "Izime uiwashe, shangazi," na kama haizimiki umhesabie hizo sekunde. Neno reseti mwachie fundi, na hata yeye aulizwe kwanza kama vitu vitabaki.