Mamajusi walikuwa wangapi? Dhana potofu kuhusu yaliyoandikwa na yaliyopokelewa

Kila Desemba, kanisani kwetu hapa Kisauni, watoto watatu huvalishwa kanzu na taji za karatasi kuwaigiza mamajusi, wale wataalamu wa nyota wa mashariki waliokuja kumwona mtoto Yesu, wakapita mbele na dhahabu, uvumba na manemane. Mwaka jana binti mmoja wa shule ya Jumapili akaniuliza, "Mwalimu, imeandikwa wapi kuwa walikuwa watatu?" Tukafungua Mathayo 2 pamoja.

Dhana: Walikuwa wafalme watatu, wakamkuta Yesu horini.
Zawadi ndizo tatu. Idadi ya watu haikutajwa, wala ufalme wao. Tena Mathayo asema waliingia "nyumbani". Majina ya Gaspari, Melkiori na Baltazari yalikuja karne nyingi baadaye. Na ng'ombe je? Luka hamtaji kuwa alikuwapo. Ila sisi tusomao Biblia ya Union, tafsiri ya Kiswahili, tuna sababu ya kumwona: imeandikwa "hori ya kulia ng'ombe", ilhali neno la Kigiriki ni hori tu. Mtafsiri alitaka tuelewe, na ng'ombe akaingia.

Dhana: Maria Magdalena alikuwa kahaba.
Hili linaniuma, maana nimesikia wanawake wakisutwa kwa jina lake. Luka 8:2 yasema alitokwa na pepo saba, basi. Ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, aliyemuunganisha na yule mwenye dhambi wa Luka 7, ambaye hakutajwa jina. Magdalena ndiye aliyetumwa kuwapasha mitume habari za ufufuo.

Dhana: "Jisaidie nami nitakusaidia" ni andiko.
Halimo popote katika Biblia.

Dhana: Mapokeo, yaani mafundisho na desturi tulizorithi, ni mambo ya Wakatoliki, sisi tuliookoka tuna Neno tu.
Nililelewa nikiamini hivyo. Lakini orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya haimo ndani ya kitabu hata kimoja kati ya hivyo. Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliitaja kamili katika barua ya mwaka 367. Neno "Utatu" halimo pia, ingawa Baba, Mwana na Roho wanatajwa pamoja katika Mathayo 28:19. Mabaraza ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381 ndiyo yaliyoyapanga maneno ya imani hiyo. Tarehe 25 Desemba haikuandikwa. Hata sala ya toba tunayofuatishwa kwenye mikutano ya injili pale Tononoka, Mombasa, neno kwa neno, hakuna mtume aliyeiandika. Toba yenyewe imeandikwa. Maneno yale tumeyapokea.

Dhana: Basi mapokeo yote yatupwe.
Yesu aliwakemea walioiacha amri ya Mungu wakashika "mapokeo ya wanadamu" (Marko 7:8). Paulo naye akawaambia Wathesalonike wayashike mapokeo waliyofundishwa, "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Neno ni lile lile. Kwa hiyo kila pokeo nalipima: je, linafunika amri, au linatusaidia kuishika?

Igizo la mwaka huu litakuwa na mamajusi watano. Yule binti ameomba kubeba manemane.