Kipimo Kisipoona Virusi, Umepona?

“Kipimo hakioni kirusi, basi nimepona. Dawa za nini tena?” Imani hii kuhusu VVU ni ya miaka mingi, na inaeleweka, maana majibu yenyewe husomeka hivyo: havionekani.

Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu nakala za VVU zilizomo kwenye damu, kwa kila mililita. Zikiwa chini ya 50, maabara nyingi husema havionekani. Lakini hakihesabu virusi vilivyojichomeka kwenye vinasaba vya seli za CD4 (chembe za kinga ya mwili) zilizolala, vikatulia humo miaka na miaka. ARV, yaani dawa za VVU, haziving'oi, zinazuia visizaliane.

Ndiyo maana watafiti wa chanjo ya tiba, ile anayopewa mtu ambaye tayari ana VVU, hawaridhiki na namba nzuri ya mtu anayemeza dawa. Dawa ndizo zilizoishusha! Basi, chini ya uangalizi mkali, ARV husitishwa kwa muda, damu ikapimwa mara kwa mara, na virusi vikipanda dawa zinarudishwa. Kwa wengi hupanda ndani ya wiki chache.

Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, alianzishiwa dawa saa 30 hivi baada ya kuzaliwa, mwaka 2010. Baadaye alikaa zaidi ya miaka 2 bila dawa, virusi havionekani. Julai 2014 vikarudi: nakala 16,750.

Namba ya chini ina faida yake kubwa, na hili halisemwi vya kutosha: anayemeza dawa na kuidumisha haambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.