Kuchagua lugha ya programu maana yake nini

Lugha ya programu ni utaratibu wa maneno na alama ambao mtu anauandika na kompyuta inautekeleza. Kuichagua si kusaka lugha bora kuliko zote, maana hiyo haipo. Ni kujiuliza kwanza: programu itaendeshwa wapi? Mara nyingi jibu linafuta lugha nyingi kabla hata hujasema unapenda ipi.

Chukua bodi ya Arduino Uno R3, kibao kidogo chenye chipu ya kuendesha vifaa, inayowasha pampu ya kumwagilia bustani. Chipu yake, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. MicroPython, yaani Python iliyopunguzwa kwa ajili ya vifaa vidogo, inataka kama kilobaiti 256 za kuhifadhia na 16 za kumbukumbu. Haiingii, hata uibane vipi. Hapo unaandika C++, ambayo kompyuta yako huigeuza kuwa amri za mashine kabla ya kuipeleka kwenye bodi, kwa hiyo bodi haibebi mkalimani, yaani programu ya kutafsiri msimbo wakati unaendeshwa, kama Python inavyohitaji. Ukiing'ang'ania Python, nunua bodi ya ESP32, yenye kumbukumbu kubwa zaidi.

Lakini C++ nayo ina mtego wake. Kila maandishi unayoyaandika ili bodi iyatume kwenye skrini ya kompyuta hunakiliwa kwenye zile kilobaiti 2 mara bodi inapowaka. Yakijaa, pampu inawaka ovyo au bodi inajizima na kujiwasha, na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Andika hivi:

Serial.print(F("Pampu imewaka"));

Hiyo F inayaacha maandishi kule kwenye hifadhi ya programu.

Kwingine mwenye jukwaa ameshakuamulia. Kivinjari kinaelewa JavaScript. Hata TypeScript, lugha iliyojengwa juu yake, hugeuzwa kuwa JavaScript kwanza. Kwa Android, Google iliikubali rasmi Kotlin mwaka 2017, na tangu 2019 ndiyo inayoipa kipaumbele. Kwa iPhone ni Swift, iliyotoka 2014. Ukitaka msimbo mmoja kwa simu zote mbili, kuna Flutter, zana ya kujengea programu za simu, nayo unaiandikia kwa lugha ya Dart.

Ubishi wa kweli uko kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine kupitia mtandao, kwa sababu hapo karibu lugha yoyote inakwenda. Kama mteja amelipia nafasi ya bei poa ya kuweka tovuti, PHP itakuwa tayari imo. Java inaweza kukulazimu kukodi seva nzima. Kama kazi ni kuchambua data, Python inashinda kwa maktaba zake, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, si kwa kasi. NumPy, maktaba yake ya hesabu, ni ya haraka kwa kuwa hesabu zake nzito zimeandikwa kwa C. Anayepitia safu milioni, moja baada ya nyingine, kwa kitanzi cha for (amri ya kurudia) anaikimbia faida hiyohiyo, halafu analalamika Python ni nzito.

Kuna makosa ambayo kubadilisha lugha hakuyatibu. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python au JavaScript, utapata 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali hizo kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na haziwezi kukaa sawasawa. Kwenye programu ya duka, tofauti hiyo ndiyo inayofanya hesabu za jioni zikatae kulingana. Hifadhi senti kwa namba nzima: shilingi 1,250.50 iandikwe 125050, na nukta irudishwe wakati wa kuchapa risiti tu.