Theluji, chumvi na beleshi: wanayokosea wengi wanaoanza kazi ya kuondoa theluji Winnipeg, Kanada

Dhana: Ukivaa nguo nzito kuliko wote, umemaliza.

Ukweli: Kinachomwangusha mtu wa beleshi mara nyingi ni jasho lake mwenyewe. Dakika ishirini za kusukuma theluji zatosha kulowesha mgongo. Fulana ya pamba hunywa jasho lile na haikauki. Ukisimama kungoja gari liwapeleke kwenye kiwanja kingine, meno yanaanza kugongana. Vaa tabaka tatu: ndani sufu au nailoni nyembamba inayobana mwili, katikati fulana ya manyoya, juu koti jepesi lisilopitisha upepo, lenye zipu ya kufungua jasho linapoanza. Anza kazi ukihisi kibaridi kidogo. Ukiwa na joto kabla hujashika beleshi, umezidisha.

Miguuni wengi hujiumiza kwa nia njema: soksi nene mbili ndani ya buti linalobana. Damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Soksi moja ya sufu, buti lenye nafasi ya kuchezesha vidole, na soksi kavu ya akiba mfukoni.

Dhana: Konyagi kidogo hupasha mwili joto.

Ukweli: Hupasha ngozi tu, na joto hilo linatoka ndani ya mwili kwenda nje.

Dhana: Barafu ikikataa, mwaga chumvi zaidi.

Ukweli: Chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana baridi ikifika nyuzi -10 hivi, na Winnipeg usiku wa Januari hushuka chini ya -20 bila kuuliza mtu. Hapo unamwaga mzigo mzima, unabaki na barafu yenye chumvi juu yake. Ndiyo maana barabara nyingi za jiji hili humwagiwa mchanga: hauyeyushi kitu, unampa mtu pa kukanyaga. Baridi ikizidi, kalsiamu kloridi hufanya kazi pale chumvi inaposhindwa, ila vaa glavu, inakausha ngozi. Kwanza kwangua, ndipo umwage, punje zikiachana. Chumvi ya kujaza kikombe kimoja cha kahawa yatosha njia ya gari ya mita sita. Punje zikirundikana, umepoteza.

Dhana: Mashine ya kurusha theluji ikizimwa, haiumi tena.

Ukweli: Hapa ndipo vidole hupotea. Parafujo ya mbele hukokota theluji, pangaboi la nyuma huirusha kupitia bomba. Theluji yenye maji huziba bomba, na mkanda unaweza kubaki umekazwa hata injini ikiwa kimya. Ukichokonoa kwa mkono, kizibo kikiachia, pangaboi linazunguka mara moja. Zima, toa ufunguo, ngoja, kisha tumia fimbo. Mkono usiingie, hata ukiwa na glavu. Msimamizi anayekuharakisha hatakuazima kidole chake.

Dhana: Sikio likiganda, lisugue kwa theluji.

Ukweli: Ngozi iliyoganda ina vipande vya barafu ndani, kusugua huichana. Ingia ndani, tumia maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, pima kwa kiwiko kisichoganda. Kama utalazimika kurudi nje na kuganda tena, usiiyeyushe kwanza: kuganda mara mbili ni kubaya zaidi. Na usiangalie kipimajoto peke yake. Nyuzi -20 zikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inazisikia kama -33, na ndani ya nusu saa inaweza kuganda.

Dhana: Mwenye kibali cha kazi cha muda hana haki ya kukataa kazi ya hatari.

Ukweli: Sheria ya usalama kazini ya Manitoba, jimbo lenye Winnipeg, humruhusu mfanyakazi kukataa kazi anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni ya hatari, na haichagui aina ya kibali. Mwambie msimamizi papo hapo, na uandike saa na mahali.