Je, wajua kwa nini daladala husinzia kituoni kisha hukimbia kama inafukuzwa?

Mara yangu ya kwanza kupanda daladala peke yangu Dar ilikuwa Makumbusho, jua la saa saba, nikielekea Mbagala Rangi Tatu. Konda akanifokea: "Twende anko, gari linatoka hilo!" Nikakimbia, nikaingia nikihema. Tukakaa. Dereva akashuka kutafuta juisi ya miwa. Nilipouliza tunaondoka saa ngapi, konda alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu: "Likijaa."

Lilipojaa, suka, yaani dereva, alikanyaga mafuta hadi Kinondoni tukawa tunashikana mabega na watu tusiowajua.

Jibu liko kwenye neno moja: hesabu. Madereva na makonda wengi hawana mshahara. Kila jioni humpelekea bosi mwenye gari kiasi walichokubaliana, ndiyo hesabu yenyewe, wananunua mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Mchana abiria ni wachache, hivyo kuondoka na siti tupu ni kuchoma mafuta bure. Jioni watu wamejaa vituoni, na kila tripu ya ziada ni ugali wa nyumbani. Ndiyo maana wanachomekea, yaani wanajipenyeza mbele ya magari mengine, na wengine hukatisha ruti na kuwashusha abiria njiani ili wageuze. Hilo la kukatisha ruti silitetei, linaudhi.

Hata jina limetokana na nauli. Shirika la mabasi ya umma la UDA (Usafiri Dar es Salaam), lililoanzishwa mwaka 1974, lilielemewa na jiji, na magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kujificha hadi yaliporuhusiwa mwaka 1983. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa "dala", kutokana na dola. Konda akaita: dala, dala!

Mimi lakini kilichoniteka ni mambo ya ndani ya gari. Konda haulizi nauli, anachezesha sarafu kiganjani na wewe unaelewa. Akigonga bodi, suka anajua kuna anayeshuka. Noti yangu ilitoka siti ya nyuma ikapita mikono minne, na chenji ikarudi kwa njia ile ile bila kupungua hata shilingi hamsini. Mama mmoja aliyesimama alimkabidhi mtoto wake kijana aliyekaa, wala hakusema "tafadhali". Kijana akampakata, akaendelea kuchati. Kwetu mtu angeanza kwanza kuulizwa ukoo wake.

Tangu Mei 2016 kuna mwendokasi, mabasi ya haraka yenye njia yake na tiketi yake. Nimeipanda, inafika. Lakini nani atakuita anko humo?

Ukitaka kujua kama umeshakuwa mwenyeji, jaribu kugeuza na gari. Saa kumi na moja jioni, ukisubiri Makumbusho, siti utaisikia tu. Vijana huingilia madirishani. Basi siku ya nne nilirudi nyuma hadi Victoria, nikapanda gari linalokwenda kumalizia safari Makumbusho, nikalipa, nikabaki humo humo. Umati ulipovamia mlango mimi nilikuwa nimeshakaa dirishani, begi mapajani. Konda akaja tena na sarafu zake. "Anko, umegeuza wewe, nauli ya pili."

Nikamlipa huku nacheka.