Je, kufikiri sana kunamaliza nguvu za ubongo?

Nikikokotoa hesabu saa tatu mfululizo, nachoka kama niliyetoka kulima. Ubongo umemaliza sukari yote?

Haujamaliza. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umetulia, ubongo hula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Hula hivyo hata ukiwa umekaa barazani huna unalowaza, maana seli za neva husukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani bila kukoma, ili ziwe tayari kupeleka taarifa. Ukianza hesabu, eneo linalohusika huletewa damu zaidi, ila matumizi ya ubongo mzima hupanda kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Mwaka 1955 Louis Sokoloff na wenzake, huko Marekani, waliwapima vijana wakifanya hesabu za kichwa. Oksijeni iliyotumiwa na ubongo mzima haikubadilika.

Mbona basi nikitoka kusoma njaa inauma?

Njaa hiyo ni ya kweli, lakini hailingani na ulichotumia. Katika utafiti wa Quebec, Kanada, uliochapishwa 2008, wanafunzi wa kike waliofanya kazi ya akili kwa dakika 45 walitumia takriban kilokalori 3 tu zaidi ya walipopumzika. Walipokaribishwa chakula, walikula zaidi kwa kilokalori 200 na ushei. Ndiyo maana nawasihi wazazi: mtoto wa kidato cha nne hahitaji soda kila anapofungua daftari. Mpeni maji, mlo wake wa kawaida, na muda wa kulala.

Uchovu wenyewe unatoka wapi?

Watafiti wa Paris walionyesha mwaka 2022 kwamba baada ya saa nyingi za kazi ngumu ya akili, glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana taarifa, hurundikana katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kujizuia na kupanga. Hapo dawa ni kupumzika.

Nina kisukari, natumia insulini. Nami nisihofu?

Wewe ni tofauti. Ukitetemeka, ukitokwa na jasho jembamba au ukichanganyikiwa, usiseme ni uchovu wa kusoma. Pima sukari ya damu, ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa soda au juisi yenye sukari mara moja, kisha pima tena baada ya dakika 15. Waambie na wa nyumbani: aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.